Ng'ombe hazeeki maini, magoti je?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kama wachezaji wakongwe wa hoki ya barafu wanaosajiliwa wakiwa huru, yaani mikataba yao ya awali imekwisha, wanastahili mikataba yao minono, nimelisoma nimesimama jikoni na chapati ikaniungulia. Sikuwa na nia ya kuandika. Hapa kwetu Scarborough, Toronto, Kanada, huo ni mjadala wa baba watoto na wenzake. Mimi huwapelekea chai na kukaa pembeni. Ila nimekaa pembeni miaka mingi sasa, na kuna jambo wao hawalisemi na ninyi hamkuliuliza.

Niweke msimamo wangu mapema: hapana, hawastahili.

Mnamkumbuka David Clarkson. Mtoto wa hapa hapa, wa Mimico. Julai 2013 Maple Leafs, klabu yetu ya Toronto, walimpa miaka 7 kwa dola milioni 36.75, na mji ukachangamka kama nyumba ambayo posa imekubaliwa. Ligi haijaanza, akaruka kutoka benchi kuingilia ugomvi kwenye mechi ya maandalizi dhidi ya klabu ya Buffalo, akafungiwa mechi 10. Msimu mzima akafunga mabao 5. Matano! Februari 2015 wakamsukumia klabu ya Columbus, na badala yake wakampokea mchezaji Nathan Horton, ambaye mgongo ulishamharibikia na hakuwahi kuichezea Toronto hata mechi moja. Kichekesho hakikuishia hapo. Mwaka 2019 mkataba wa Clarkson ulirudi Toronto. Mkataba peke yake, mwenyewe ameshaacha kucheza kitambo, kwa sababu za kimahesabu ambazo baba watoto amenieleza mara tatu, na mara zote tatu nimeitikia tu.

Na Clarkson alikuwa na miaka 29 aliposaini. Huko kwingine 29 ni kijana. Kwenye hoki, ukimpa miaka 7 mtu wa 29 anayecheza kwa kugongana na watu, umeshaanza kununua uzee kwa bei ya ujana.

Wanaotoka kwenye Simba na Yanga mara nyingi hawalielewi hili. Kule tajiri akifungua mkoba, umefunguka. Huku tangu 2005 kuna kikomo cha mishahara ya wachezaji wote wa klabu kwa pamoja: unga umeshapimwa, na tonge la mzee likiwa kubwa, la kijana linapungua. Kuanzia 2019 kikomo kilisimama kwenye dola milioni 81.5 kwa misimu mitatu mfululizo, palepale. Kwa hiyo mkongwe halipwi na tajiri. Analipwa na mwenzake aliyekaa naye chumba kimoja cha kubadilishia nguo.

Sasa tuje kwa Patrick Marleau, maana huyo ndiye aliyeniharibia msimamo.

Marleau alikuja Julai 2017 akiwa na miaka 37, baada ya miaka yote kwenye klabu ya San Jose. Miaka 3, milioni 6.25 kila mwaka. Baba watoto alishika kichwa. Na hakuwa amekosea, kwa sababu ligi ilikuwa na kanuni yake: aliyesaini mkataba wa miaka mingi akiwa na miaka 35 au zaidi, fedha zake hubaki kwenye hesabu ya klabu hata akistaafu, hata wakiuvunja huo mkataba. Hakuna mlango wa nyuma. Na mwaka wa tatu mtu huyu angetimiza 40.

Mwaka wa kwanza alifunga mabao 27, hakukosa mechi hata moja. Kwenye mechi ya saba ya mtoano, ile ya kuamua, dhidi ya Boston, ile ya 2018 ambayo sisi wa Toronto hatuitaji tukiwa tunakula, mzee alifunga mawili kipindi cha kwanza. Tuliingia kipindi cha tatu tunaongoza 4–3. Tukatoka tumefungwa 7–4. Si yeye aliyeruhusu manne yale. Mwaka wa pili mabao 16, miguu ilishaanza kusema. Vijana wenyewe, nyota wetu Matthews na Marner, walikuwa wakishinda nyumbani kwake, wakila mezani kwake, wakicheza na wanawe wanne kama kaka zao.

Halafu mwaka wa tatu ukabisha hodi. Klabu ilikuwa inahitaji nafasi chini ya kikomo ya kumlipa Marner, na nafasi hiyo ilikuwa imekaliwa na mzee aliyekuwa akimpa Marner chakula cha jioni. Juni 2019 wakamtuma klabu ya Carolina. Na ili Carolina wakubali kumchukua, Toronto wakawapa na zamu yao ya raundi ya kwanza kwenye mgao wa kila mwaka, ambapo klabu huchagua chipukizi kwa zamu. Wao wakarudishiwa zamu ya raundi ya sita, kama mwenye duka anavyokupa peremende hana chenji. Carolina wakauvunja mkataba wa mzee bila kumchezesha, akarudi zake San Jose, na kwa ile zamu ya raundi ya kwanza wakamchukua Seth Jarvis, ambaye msimu wa 2023–24 aliwafungia mabao 33.

(Na ni Carolina hao hao waliotufunga kwetu, Februari 2020, wakiwa na kipa wa dharura David Ayres, miaka 42, ambaye aliwahi kuwa dereva wa mashine ya kulainisha barafu. Mkitaka kujua mkongwe gani wa hoki alistahili kila senti, ndiye huyo.)

Hapo sasa ndipo baba watoto na wenzake hukoromeana. Wanagawanya milioni kwa mabao, wanapata bao moja ni shilingi ngapi, mmoja anapiga meza. Mimi naona wanahesabu kitu kisichouzwa. Mwaka wa tatu wa Marleau haukuwa wa kucheza. Kila mtu alijua: klabu ilijua, yeye alijua, hata mimi mwenye birika mkononi nilijua. Ule mwaka wa tatu ulikuwa mahari. Bila huo, mzee asingetoka San Jose. Hakuna anayeuliza kama mahari ilifunga mabao. Kinachoniwasha mimi ni nani anayekuwa mlangoni siku ile, wa kumwambia mzee kwamba sasa basi.

Kwa sababu nimewahi kuwa mlangoni.

Mwanangu wa pili alianza hoki ana miaka 7. Mimi mtu wa Tanga. Barafu niliyokuwa naijua ni ya ukwaju, unaing'ata pembe ya mfuko na kufyonza ukitoka chuoni. Nikajikuta saa kumi na mbili asubuhi Jumamosi, nje nyuzi 18 chini ya sifuri, nimekaa kwenye benchi la chuma na chupa ya chai ya tangawizi, naangalia watoto kumi na saba wakianguka. Wazazi wakasema tuchange tulete mwalimu wa ziada. Akapatikana mzee mmoja, miaka sitini na kitu, aliyewahi kucheza ligi za chini akalipwa. Bei yake dola 120 kwa saa, mara kumi na mbili, na saa ya uwanja juu yake. Nikachaguliwa mweka hazina kwa sababu nilisema nimewahi kushika daftari la kikoba. Wenzangu, msiseme jambo hilo mbele za watu.

Siku ya kwanza yule mzee hakuwaingiza watoto kwenye barafu. Aliwakalisha kwenye mkeka wa mpira pale kwenye korido, karibu na mashine ya soda, akawaambia wavue viatu wote na wafunge upya. Kamba ilegee kwenye vidole, ikaze kwenye kifundo. Akapiga goti, nikalisikia goti lile likilia kutoka nilipokaa, akapita mtoto mmoja mmoja akiingiza vidole nyuma ya kiatu. Viwili viingie, cha tatu kikwame. Kikiingia cha tatu, fungua, anza tena. Wangu alirudishwa mara nne. Mguu wa kulia ulikuwa unamsumbua, anaulegeza bila kujijua.

Dakika 20 za kamba. Dola 120 kwa saa ni dola 2 kwa dakika. Nikaandika pembeni ya daftari: kamba, dola 40. Nilikiandika kwa hasira na kalamu ikatoboa karatasi.

Wiki ya pili ikawa kuanguka. Saa nzima ya kuanguka na kuinuka, bila magongo. Wiki ya tatu mguu mmoja, wiki ya nne mguu wa pili. Baba mmoja aliyekuwa anakaa safu ya mbele akawa anauliza kwa sauti ya wote kusikia, lini watapiga paki, kile kisahani cha mpira cha hoki, golini? Maana ndicho tulicholipia. Mzee akamjibu, "Wakishaacha kuogopa barafu." Akaendelea.

Ilipofika Februari magoti yalimkatalia. Mara ya kumi na moja alikaa kwenye benchi la wachezaji na koti, akielekeza kwa gongo. Mara ya kumi na mbili hivyo hivyo. Tukaitana kikao, pale pale kwenye mashine ya soda. Hoja ilikuwa aendelee msimu ujao au aje kijana mmoja mwenye koni za plastiki na kompyuta ya mkononi ya kurekodi video, bei dola 75. Hesabu niliziandaa mimi. Nilizipanga vizuri, kila dakika na ilipokwenda, nikagawa nakala. Tisa kwa sita, mzee akatoka. Mkono wangu ulikuwa kwenye ile tisa. Na likaja lingine: kwa kuwa mara ya mwisho hakuingia barafuni, alipwe nusu. Hilo nalo likapita, nikamwandikia hundi ya dola 60 badala ya 120.

Akaipokea. Akaisoma, akaikunja mara mbili, hakusema neno. Akamtazama mwanangu aliyekuwa kando yangu akamwambia, "Wa kulia, usisahau." Akaenda zake na begi lake, taratibu, kwa sababu korido ilikuwa na maji ya theluji.

Nisiwadanganye: yule kijana wa koni alikuwa mzuri. Watoto walimpenda, mwanangu sasa anapiga paki mpaka inagonga nguzo, na video tunayo. Kikao hakikukosea. Ukinipa zile hesabu leo, nadhani nitapiga kura ile ile. Nadhani.

Lakini msimu uliopita, mwanangu ana miaka 11, nilimkuta kwenye ile korido amepiga goti mbele ya mtoto mdogo anayelia kwamba kifundo kinauma. Anaingiza vidole nyuma ya kiatu. "Viwili," anamwambia. Kule benchi, katika watoto wale wa mwanzo, kumi na mmoja bado wanacheza, na hakuna hata mmoja anayetembea kwenye barafu kama mimi ninavyotembea, kama kuku kwenye lami ya moto. Nikajikumbusha ile 40 pembeni ya daftari. Nilikuwa nimeiandika kwenye safu ya hasara.

Basi, jibu. Nilianza na hapana, na kwa daftari ni hapana bado. Atakayesaini mtu wa 37 kwa miaka 3 ajue anasaini pia na siku ya kumtoa, na siku hiyo ina bei. Toronto bei yao ikawa Jarvis. Clarkson siwezi kumtetea hata kwa kushikwa mkono. John Tavares yuko upande mwingine: alikuja 2018 na milioni 11 kwa mwaka, miaka 7, tukamlalamikia miaka yote hiyo, na ni yeye aliyefunga katika muda wa nyongeza kule Tampa, Aprili 29, 2023, mpaka Toronto ikavuka raundi ya kwanza ya mtoano mara ya kwanza tangu 2004. Mkataba ulipoisha, 2025, akakubali miaka 4 kwa chini ya nusu ya mshahara ule. Huyo alijitoa mlangoni mwenyewe kabla hajasukumwa. Si wengi wanaojua kufanya hivyo, na sidhani ni haki kuwataka wote wafanye.

Ila Marleau ningemsaini. Najua nimejipinga. Ningemsaini miaka 2, na kama angesema bila wa tatu hatoki San Jose, ningenuna, ningezunguka meza, halafu ningempa wa tatu. Sharti langu moja ni kwamba atakayemwita siku ya kumwambia aondoke asiwe mtu wa hesabu. Awe mmoja wa wale waliokula mezani kwake.

Wanaosema ng'ombe hazeeki maini wana haki yao, ila mwenye methali hakumtazama ng'ombe akipanda ngazi.

Kuhusu zile dola 60, nimeshauliza pale uwanjani mara mbili. Yule wa kaunta anasema mzee alikuwa akija Jumanne kuwanolea watu viatu, lakini tangu walete mashine ya kunoa, ile unayoingiza kadi ya benki, hajamwona tena.

Mama wa wawili, Scarborough