Koili ya gari la zamani: pima kwanza, nunua baadaye

SWALI: Ndugu Fundi, gari langu ni la miaka ya 1970 na bado linatumia platina, vile vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme wa koili. Lilikuwa likiwaka vizuri asubuhi, lakini baada ya mwendo wa nusu saa hivi lilianza kukatakata na kuzima, na halikuwaka tena mpaka lilipopoa. Nilinunua koili nyingine (kifaa kinachopandisha volti za betri ili plagi itoe cheche) ya umbo lile lile, iliyoandikwa volti 12. Sasa koili hiyo hupata moto hata haishikiki, na platina zimeungua kabla ya miezi miwili kwisha. Muuzaji ananishauri nichukue koili ya volti 40,000, ya magari ya mashindano. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, fedha zako ziweke kwanza. Maandishi ya "volti 12" hayatoshi kukuambia kuwa koili inalifaa gari lako, kwa sababu koili mbili zenye maandishi hayo na mkebe unaofanana zinaweza kutofautiana ndani kwa kiasi cha kuunguza platina.

Magari ya platina yalitengenezwa kwa mitindo miwili. Katika mtindo wa kwanza, umeme wa betri hufika kwenye koili moja kwa moja, na koili yake huwa na ukinzani (uzuiaji wa umeme) wa omu 3 hivi katika nyuzi za msingi, zile zinazopokea umeme wa betri. Volti 12 zikigawanywa kwa 3 hupatikana ampea 4, kiasi ambacho platina hukivumilia. Katika mtindo wa pili, koili ina omu 1.5 hivi tu, na umeme hupitia kwanza kwenye rezista inayokula sehemu ya volti. Wakati wa kupiga stata, betri inapolemewa na volti zake kushuka, rezista hiyo hurukwa ili koili ipate nguvu yote na cheche isififie. Sasa chukua koili ya mtindo wa pili uifunge kwenye gari la mtindo wa kwanza: zitapita ampea 8 badala ya 4. Dalili ulizozieleza ndizo hasa ningezitarajia.

Kulijua gari lako ni la mtindo gani kunahitaji mita tu. Usitegemee macho, kwani katika magari mengi rezista si kipande cha kauri kinachoonekana bali ni waya maalumu uliofichwa ndani ya fungu la nyaya. Fungua kifuniko cha distribyuta, mahali platina zinapokaa, zungusha injini kwa mkono mpaka platina zigusane, washa swichi bila kupiga stata, kisha pima volti kati ya skrubu chanya ya koili na bodi. Ukipata karibu volti 12, hakuna rezista. Ukipata kati ya 6 na 9, ipo. Wengi hukosea hapa kwa kupima platina zikiwa zimeachana: umeme haupiti, rezista haili chochote, na mita husoma 12 hata kama rezista ipo. Zima swichi mara tu umalizapo, maana koili huchemka ikiachwa hivyo.

Baadaye chomoa nyaya za koili, gusisha ncha za mita pamoja na uondoe kiasi kile kidogo inachosoma, halafu pima omu kati ya skrubu mbili ndogo za koili: ziwe 3 hivi kama gari halina rezista, au 1.5 hivi kama inayo. Dukani fanya hivyo hivyo kabla ya kulipa.

Kuhusu volti 40,000: volti hupanda mpaka kufikia kiasi ambacho plagi inahitaji ili cheche iruke, na zikishafika hapo haziendelei kupanda. Koili nyingi za namna hiyo zina ukinzani mdogo, chini ya omu 1, kwa kuwa zimekusudiwa mfumo wa kielektroniki usio na platina. Kwako zingeongeza tatizo.

Ukifunga koili sahihi, angalia alama za chanya na hasi. Kwenye koili za kale za Uingereza utakuta SW, upande wa swichi, na CB, upande wa platina. Nyaya zikigeuzwa injini huwaka, ila plagi huhitaji volti zaidi.

Platina zilizoungua zibadilishe pamoja na kondensa, kile kifaa kidogo kinachopunguza cheche kwenye platina. Ile koili yako ya mwanzo usiitupe kabla ya kuipima ikiwa imepata moto, kwa sababu kondensa inayochoka huzima gari kwa namna ile ile, na huenda koili haikuwa na kosa lolote.