Kitambaa kinageuka pembetatu, na mkono wako hauna kosa

Swali: Shikamoo mama. Najifunza kroshia kwa kufuma vitambaa vya kuoshea vyombo, natumia dabo, zile stichi ndefu. Mstari wa kwanza nina stichi 30, nikifika wa 9 nimebaki na 22, kitambaa kimekaa kama paa la banda. Kwenye kundi wameniambia mkono wangu unabana ninunue sindano kubwa, mwingine kasema nikimaliza nipige pasi kitanyooka. Uzi ni sufu ya dukani.

Jibu: Marahaba mwanangu. Hili la "mkono unabana" jamani nimelichoka. Mkono ukibana stichi zinakuwa ndogo, sawa, lakini 30 ndogo bado ni 30, mkono hauli stichi. Wewe umegeuza kazi mara 8 na zimepotea 8, moja kila ukigeuza, sasa sindano kubwa itakusaidia nini zaidi ya kukupa pembetatu kubwa?

Ukigeuza unapandisha cheni 3, yaani vitanzi vitatu vya kuanzia mstari, na hizo zimesimama badala ya dabo ya kwanza, kwa hiyo dabo inayofuata unachoma stichi ya pili, sio ile iliyo chini ya cheni. Hapo naona uko sawa. Shida iko mwisho wa mstari, pembeni kabisa kunabaki kamkia kembamba kamejikunja kwa nyuma, wewe unadhani ni uzi tu umelegea, unageuza. Kale kamkia ni zile cheni 3 za mstari uliopita, ndio stichi yako ya 30! Kanyooshe kwa kidole gumba, ingiza sindano kwenye cheni ya juu kabisa, ile ya 3, piga dabo yako ndio ugeuze. Ukiona kanakusumbua kukaona, chomeka pini kwenye hiyo cheni ya 3 ukishapandisha tu.

Sasa pasi, hii ndio inanipandisha presha. Sufu nyingi za madukani ni akriliki, plastiki hiyo, ukiikandamiza pasi ya moto inalala na kung'aa hairudi tena, na pembetatu inabaki pembetatu. Halafu hainywi maji, inayasukuma tu, na ukishikia sufuria iliyotoka jikoni inaweza kuyeyuka. Choma kipande kidogo cha uzi juu ya ndoo ya maji, pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, akriliki inayeyuka inaganda kashanga kagumu. Ukipata kashanga tafuta uzi wa pamba, la sivyo bora dodoki.

Na hao wanaouza darasa la "siku 3 unafuma seti ya makochi" ndio wanatuletea haya yote. Juzi binti kaniletea vitambaa 6 vya kochi, hakuna viwili vyenye upana sawa, pembeni kazungushiwa urembo wa kuficha, namuuliza ulihesabu stichi ngapi ananiangalia tu, hajawahi kuambiwa kuhesabu. Wengine wanachanganya video ya Mmarekani na kitabu cha Mwingereza, hawajui kwamba dabo ya Mmarekani ni trebo kwa Mwingereza, na dabo ya Mwingereza ni singo kwa Mmarekani, halafu wakikosea nao wanaambiwa mkono unabana.

Chako fumua mpaka mstari wa kwanza, hesabu 30, uandike kwenye karatasi kila ukimaliza mstari. Ukipata 29 usiendelee, rudi pembeni kwenye cheni.