Jibu: Dada wa Bagamoyo anayekwenda kupunguzwa mfuko wa chakula

Salaam dada. Umeuliza kama wiki moja baada ya upasuaji wa kupunguza unene utarudi kwenye wali wako wa nazi. Hapana! Mie nilikatwa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula, nikarudi kwetu Tanga, na wiki mbili za mwanzo zilikuwa za maji, maziwa yasiyo na mafuta na mchuzi wa samaki uliochujwa, kijiko kwa kijiko. Kisha vya kusagwa, halafu vilaini. Wali niliugusa mwezi wa pili. Matonge matatu, nimeshiba.

Kwanza kabisa, mtajie daktari dawa zote unazotumia. Kama una kisukari, dozi hubadilishwa, la sivyo sukari inaweza kushuka ghafla. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, usimeze bila kumuuliza, huleta vidonda vya tumbo. Kabla ya siku yenyewe utapewa mlo mdogo ili ini linywee, mpasuaji apate nafasi. Usiibie hata kitumbua.

Kilichonishtua ni nywele: mwezi wa nne zilijaa kwenye kitana. Zikaota tena. Vitamini ni za maisha, na maji usinywe pamoja na chakula, subiri nusu saa. Mimba ngoja miezi 12 hadi 18.

Harusini ndiyo kazi, mashangazi watadhani umewasusia pilau.