Barua kwa Mwanangu Aliyeko Beijing: Waage Wanafunzi Wako

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako imenifikia salama. Unaniuliza hivi: mkataba wako wa kufundisha Kiswahili unakwisha Julai, na wanafunzi wako wa mwaka wa pili wanatumaini kwamba utakuwa nao hadi watakapohitimu, je, uwaambie mapema, au usubiri likizo uondoke kimya kimya, ili usiwavurugie mitihani na wewe mwenyewe usije ukalia mbele yao? Jibu langu ni kwamba uwaambie, tena uwaambie mwezi wa Mei kabla pilikapilika za mitihani hazijaanza, na umuage kila aliyekutendea wema.

Nilifanya kazi hiyo hiyo katika mji huo huo, wakati wewe ukilelewa na bibi yako Tanga, na ninayajua maisha hayo. Mwalimu wa kigeni huko huishi kwa mkataba wa mwaka hadi mwaka, na wanafunzi wanalijua hilo tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kuondoka kwako hakutawashangaza. Kitakachowaumiza ni kuona kwamba hukuwahesabu kuwa watu wa kuambiwa. Mwalimu mmoja, mgeni kama mimi, aliondoka katika likizo ya Mwaka Mpya wa Kichina bila kumwambia mtu isipokuwa ofisi. Muhula ulipofunguliwa, wanafunzi wake walidhani anaumwa, wakachanga fedha, wakanunua machungwa, wakaja kugonga mlango wake katika jengo letu la walimu wa kigeni. Mimi ndiye niliyetoka kuwaambia kwamba chumba kimekwisha kukabidhiwa. Msichana aliyeshika mfuko wa machungwa aliniuliza kama kuna jambo walilomkosea mwalimu wao. Nilimhakikishia kwamba hapana, lakini nilimwona usoni kwamba hakuniamini, na ndiyo sababu sitaki wanafunzi wako waje kuuliza swali kama hilo.

Kumbuka pia kwamba wewe si wa kwanza wala wa mwisho katika kazi hiyo. Kiswahili kimefundishwa Beijing tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na redio ya China ilianza matangazo yake ya Kiswahili Septemba 1961. Wachina walipojenga Reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, kati ya mwaka 1970 na 1975, vijana wao waliojifunza lugha yetu kwao walikuja kuwa wakalimani wa mafundi. Mmoja wao, ambaye wakati wangu alikuwa mwalimu mstaafu, alipenda kuja idarani kuzungumza nami, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, cha Mlimba na Makambako. Habari aliyoirudia kuliko zote ni ya fundi Mtanzania aliyemsindikiza siku ya kurudi kwao akiwa na kuku hai kwenye tenga, ili mgeni asiondoke mikono mitupu. Ilikuwa imepita miaka thelathini na zaidi, na bado alinieleza rangi ya kuku yule.

Halafu usijione kwamba ni wewe peke yako unayeondoka. Ikifika Juni, pita jioni kwenye njia ya kuelekea mabweni utazame wanaohitimu walivyotandika mashuka chini na kupanga vitu vyao vya kuuza: vitabu, beseni, taa za mezani, chupa za chai, baiskeli zilizochakaa. Kila mwaka niliwaona hivyo, na kila mwaka niliondokewa na watu niliowapokea wakiwa hawajui hata kuitikia salamu. Mmoja alikuwa ameuza karibu kila kitu, lakini daftari lake la ngeli, alilolipaka rangi tofauti kwa kila ngeli, alilitenga akaja kunikabidhi. Ninalo mpaka leo. Siku zile tuliweza kukata tiketi ya kuingia jukwaani na kuwasindikiza hadi mlangoni mwa behewa, pale Stesheni ya Magharibi. Siku hizi nasikia asiyesafiri huishia kwenye ukaguzi, kwa hiyo maneno yako yaseme kabla hamjafika huko.

Darasa lako likikualika kwenye chakula cha kuagana, nenda. Watakuketisha mahali panapoelekea mlango, ndiyo nafasi ya heshima, na katika kugonganisha glasi watateremsha zao chini ya yako. Pokea heshima hiyo, hata kama glasi yako ni ya maji ya matunda. Usiwaahidi kwamba utarudi kama hujui. Waeleze kila mmoja kwa jina lake la Kiswahili ulichokiona kwake, kwa kuwa wanafunzi wa huko hukosolewa sana na kusifiwa kwa nadra, na sifa ya kweli kutoka kwa mwalimu hudumu.

Baada ya hapo waage wale ambao hawatajwi katika hotuba: mlinzi wa lango, mama anayefagia ngazi, na wale Waislamu wa kabila la Wahui wa kantini ya chakula halali. Hawa ndio wanaobaki wakati walimu na wanafunzi wote wanapita, na nawaonea uchungu kwa jinsi wanavyosahauliwa. Mpishi wa kantini yetu, siku nilipomwambia kwamba kesho ninasafiri, alikataa kunipa tambi nilizozoea, akanitengenezea jiaozi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa nyama ya kondoo, kwa sababu desturi ya kaskazini ni kumlisha msafiri jiaozi na kumlisha tambi anayewasili. Alisimama hapo hapo hadi nikamaliza sahani.

Kuhusu karatasi, usiziache hadi siku za mwisho. Omba chuo barua ya kuthibitisha kwamba umemaliza mkataba, na cheti cha kutokuwa na makosa ya jinai ukiombe ukiwa bado huko, maana ni taabu kukifuatilia ukiwa mbali. Ulizia pia kibali chako cha ukaazi kitakuwaje kibali cha kazi kitakapofutwa, ndipo ukate tiketi. Ukishaijua tarehe niandikie, nimwambie mjomba wako aje kukupokea uwanja wa ndege Dar es Salaam.

Mama yako akupendaye.