Vidonge vya nywele na sindano za kutafuta mtoto haviendi pamoja

Mdogo wangu wa Moshi, hiyo chupa ya nywele na kucha iweke chini leo hii, usisubiri kesho. Umeandika kwamba Jumatatu unatolewa damu ya homoni halafu unaanza sindano za kukuza mayai, na dada wa dukani kakwambia vitamini za ujauzito peke yake "hazina nguvu", uongezee za nywele na kucha pamoja na mafuta ya ini la samaki ili mayai yakomae na ukuta wa kizazi unenepe. Damu imenipanda kichwani, maana ni maneno yale yale niliyouziwa mimi hapa Arusha, utadhani wanakaririshwa darasani. Na waliokujibu hapo juu wote wanabishana asubuhi au usiku, na maji au na juisi, hakuna hata mmoja aliyeshtuka!

Shida inaitwa biotini. Sio sumu, ni vitamini ya kawaida kabisa, ipo kwenye mayai, karanga, maini, na mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 30 tu kwa siku, mjamzito naye hivyo hivyo. Vitamini za ujauzito nyingi zinakuwa nayo kidogo, hizo hazina neno. Sasa vidonge vya nywele vinakuja na 5,000, vingine 10,000. Kwenye chupa yangu walikuwa wamebandika kibandiko cha bei juu ya ule mstari wa biotini, nilikuja kukibandua kwa ukucha mambo yakiwa yameshaharibika, nikakuta chini yake 10,000 mcg, ndo mikrogramu hizo, na pembeni imeandikwa asilimia 33,333 ya mahitaji ya siku. Kidonge kimoja hicho.

Ubaya wake uko maabara. Mashine nyingi za kupima homoni zinatumia biotini hiyo hiyo ndani ya kipimo, inafanya kazi kama gundi ya kunasia kile kinachopimwa ili mashine ikisome. Ukija na biotini imejaa kwenye damu inavuruga ule unasaji na mashine inatoa namba ya uongo, na karatasi inatoka safi, ina muhuri na sahihi, hakuna anayejua. Vipimo vingine vinashuka, mfano TSH ya thairoidi (ile tezi ya shingoni), FSH na LH ambazo ni homoni za kukuza na kutoa mayai, na hata hCG ya mimba. Vingine vinapanda, T4 (homoni ya thairoidi yenyewe), estrojeni, projesteroni. Sio kila mashine, inategemea maabara wanatumia ipi, ila wewe mgonjwa utaijuaje? FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walitoa tahadhari Novemba 2017 wakasema kabisa kuna mgonjwa alifariki baada ya kipimo cha moyo, troponini, kutoka chini kimakosa na alikuwa anatumia biotini nyingi. Wakaitoa tena 2019. Na mpaka leo mtu anakufungia chupa kwenye mfuko anakwambia ni ya kizazi.

Kwangu mimi ilianzia kwenye thairoidi. Tulikuwa tumejipanga, mume wangu kauza mahindi, hela ya sindano ipo, ratiba ya kliniki ipo. Damu ikatolewa, majibu yakarudi TSH iko chini kabisa, T4 iko juu. Daktari akanipapasa shingo, akashika mkono akahesabu mapigo, akauliza moyo unakwenda mbio? Unatetemeka? Umekonda? Joto linakusumbua? Zote hapana. Lakini karatasi inasema thairoidi inafanya kazi kupita kiasi, na mtu hawezi kuanzishiwa sindano za mayai akiwa hivyo maana thairoidi ikikaa vibaya hata mimba ikiingia inaweza kutoka. Yeye simlaumu, alifuata karatasi. Mzunguko wa matibabu ukasimamishwa. Nikatumwa kwa mtaalamu mwingine, ikawa ni Arusha Moshi, Moshi Arusha, ultrasound ya shingo, damu tena, na majibu ni yale yale, kwa sababu kila asubuhi kile kidonge nakimeza na nimeambiwa nisikose hata siku moja. Hela ya sindano yote ikawa inaliwa na shingo isiyo na ugonjwa. Nusura niandikiwe dawa ya kupunguza nguvu ya thairoidi, na hizo sio za kuchezea kwa anayetafuta mimba, zipo ambazo zinaweza kumdhuru mtoto miezi ya mwanzo.

Aliyetuokoa ni kijana wa maabara. Ananifunga ule mpira mkononi, akaangalia vidole vyangu akasema dada una kucha nzuri, unatumia nini? Nikajua anataka kumnunulia mke wake, nikamtajia. Akaufungua mpira pale pale, sindano akairudisha kwenye trei, akaniambia leo sikutoi damu, rudi kwa daktari umwambie unatumia biotini. Nikaacha, tukapima upya, TSH kawaida, T4 kawaida. Thairoidi yangu haijawahi kuumwa. Yule kijana namuombea mpaka leo.

Na kwangu ilijitokeza mwanzoni kabla sindano hazijaanza. Wewe Jumatatu unaanza, kwahiyo fikiria ikijitokeza katikati. Daktari anaangalia estrojeni kila anapokupima ili ajue dozi iongezwe au ipunguzwe, namba ikitoka juu kwa uongo anaogopa mayai yamezidi, tumbo lisije likajaa maji, anapunguza dozi au anasimamisha, kumbe mayai yako ndo kwanza yanaanza kukua. Projesteroni ikipanda kwa uongo anadhani yai limeshatoka. Halafu ile siku ya mwisho, ya hCG, ambayo hulali usiku kucha, ikishuka kwa uongo unaambiwa haijashika, acha vidonge vya projesteroni. Na mimba ipo. Hilo la mwisho nikiliwaza nashindwa hata kukaa.

Sasa huyo dada wa dukani. Wako simjui, wangu namjua vizuri. Kavaa koti jeupe, ukutani picha kubwa ya kizazi ina rangi rangi, ukiingia anakushika mkono kwa mikono miwili anakwambia pole mama, hili litaisha. Mtu umechoka na maneno ya mawifi, umechoka kuulizwa na kina mama wa jumuiya "vipi, bado tu?", ukikutana na wa kukupa pole unampa chochote anachotaka, na hapo ndipo wanapotupigia. Sio nesi, sio mfamasia, yuko kwenye biashara ya mtandao, ile ya kuunganisha watu, na kila chupa ina pointi zake za kupanda daraja. Niliporudi kumuuliza unajua alinijibu nini? "Mbona nywele zimejaa mama?" Jamani, kama ni nywele si ningeenda saluni Kilombero hapa hapa Arusha nikasuka na chenji ikabaki!

Hata hilo ningelimeza. Kinachonichoma ni alivyoniambia siku ya kwanza kwa sauti ya chini, usimwambie daktari, madaktari hawapendi virutubisho, vinawaharibia biashara. Mtu hana hata cheti cha huduma ya kwanza anakupangia umfiche nini daktari anayekuchoma sindano. Wasije hapa kusema nachukia riziki za watu. Wauze sabuni, wauze dawa ya meno, wauze vikombe vya kutunza joto nitawaungisha hata viwili, ila mayai yetu waachane nayo.

Kwahiyo ukisahau yote kwenye huu uzi shika hili: kipindi chote cha matibabu, kitu chochote kabla hakijapita kooni chupa yake ikae kwanza mezani kwa daktari. Sio jina, sio picha iliyofifia kwenye simu, chupa yenyewe. Maana kliniki wanauliza "unatumia dawa yoyote?" na wewe unajibu hapana, na hujadanganya, nani anaita vitamini dawa? Hakuna aliyeniuliza vitamini, hakuna aliyeniuliza urembo. Bebeni vyote, kolajeni (nyingi wanaziongezea biotini), unga wa mlonge, chai za kusafisha kizazi, zile gami tamu za rangi, tia kwenye mkoba mwaga mezani. Daktari akicheka acheke. Na kwenye fomu ya maabara mwambie aandike unatumia nini, kwa sababu anayeendesha mashine hakuoni, anaona kichupa cha damu na namba.

Mafuta ya ini la samaki nayo acha kwanza. Ini lina vitamini A ya retinoli, na hiyo ikizidi mwanzoni mwa mimba inaweza kuleta ulemavu kwa mtoto. Kikomo ni mikrogramu 3,000 kwa siku, sawa na IU 10,000, ukijumlisha kila kitu, na vitamini yako ya ujauzito huenda tayari ina A, mafuta ya kupikia ya kiwandani hapa kwetu yanaongezwa A, na Jumapili hujaacha maini. Mafuta ya samaki ya omega-3 yasiyotoka kwenye ini ni kitu kingine, hayo muulize daktari.

Unachokihitaji kweli ni foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, na haisubiri mimba, inatakiwa ianze angalau mwezi mmoja kabla, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku kama 28 toka mimba itungwe, wakati huo wengine hata UPT, kile kipimo cha mkojo cha mimba, hawajanunua. Ndo kinga ya mgongo wazi. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kifafa au aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi anaandikiwa dozi kubwa zaidi, usijipimie mwenyewe. FEFO uliyosema mama mkwe kakuletea toka zahanati usiidharau kwa sababu ni ya bei rahisi, ina foliki na madini chuma, ila nayo ni kidonge, ipeleke mezani na wenzake. Na chuma usimeze na chai, chai inazuia kisichukuliwe mwilini. Ule unga wa sembe wa viwandani wenye nembo ya virutubishi una foliki imeongezwa, lakini wengi wetu tunasagisha mahindi mashine ya mtaani, huko hakuna kinachoongezwa.

Sasa fanya hivi. Leo ni Ijumaa. Kama asubuhi umeshameza hicho cha nywele, usikae kimya ukitegemea kitaisha chenyewe. Piga kliniki leo kabla hawajafunga, waambie kina mikrogramu ngapi na umemeza mara ya mwisho saa ngapi, waamue wao damu itolewe Jumatatu au isogezwe mbele. Chama cha madaktari wa thairoidi cha Marekani wanasema angalau siku 2 bila biotini kabla ya kipimo cha thairoidi, kwa dozi kubwa kama yako wanaweza kukutaka ukae zaidi, na kusogeza kipimo siku kadhaa ni bora mara mia kuliko kuanza mzunguko mzima na namba za uongo. Za ujauzito usiache, nimesema za nywele, msije mkanielewa vibaya mkaacha na foliki.

Wakikujibu kwa mkato simuni, nenda mwenyewe kesho asubuhi na mkoba wako. Halafu piga picha nyuma ya chupa zote tatu, pale penye maandishi madogo, weka hapa tuzisome pamoja. Niko hewani mpaka saa nne usiku.