Barua kwa mwanangu: duara la msalaba wa Kikelti

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama Mkristo anaweza kuvaa kidani cha msalaba wa Kikelti, ule wenye duara pale mikono inapokatana na mti, maana mwenzako kazini huko Galway amekuambia duara hilo ni jua la wapagani. Na Jumatatu ya Pasaka mnakwenda Clonmacnoise, kwenye magofu ya ile monasteri ya kale ya Ireland. Nakujibu mapema ili usiende huko na wasiwasi.

Habari ya jua inasimuliwa sana Ireland: eti Mtakatifu Patrisi aliwakuta watu wakiabudu jua, akaliunganisha na msalaba ili waongoke upesi. Haina ushahidi. Patrisi alihubiri karne ya 5, na misalaba mikubwa ya mawe yenye duara ilianza kusimamishwa karne ya 8. Kisiwani Iona, huko Uskoti, kwenye monasteri aliyoianzisha Columba mwaka 563, kuna msalaba wa Mtakatifu Yohane ambao mikono yake ni mirefu mno kwa jiwe. Wataalamu wengi wanaona vipande vya duara viliongezwa ili kuishikilia mikono isivunjike. Basi huenda duara lilianza kama dawa ya fundi kwa jiwe lililomwelemea, na mimi hilo halinipunguzii heshima yake hata kidogo.

Lakini lipo jambo jingine. Kwenye majeneza ya mawe ya Wakristo wa Roma, karne ya 4, walichonga msalaba usio na mwili, juu yake taji la majani kama alilovikwa mshindi, na chini askari wawili wa kulinda kaburi. Ijumaa Kuu na Jumapili ya Pasaka katika mchongo mmoja! Mimi kila nikiona duara la Kikelti naliona taji lile.

Sasa Clonmacnoise. Utafute Msalaba wa Maandiko, wa mwanzoni mwa karne ya 10, kimo chake kama mita 4. Ule wa nje ni nakala. Wenyewe umehifadhiwa ndani ya jengo la wageni. Uso wa magharibi, katikati ya duara, Kristo amesulubiwa. Usiishie hapo kama wengi wanavyofanya. Chuchumaa, utazame chini kabisa. Kuna kaburi, askari wamesinzia juu yake, na ndani Kristo amelala amefungwa sanda, na ndege ameingiza mdomo wake katika kinywa cha Bwana. Anampa pumzi.

Nikwambie kwa nini ndege huyo ananigusa. Tangu tumzike baba yako, Ijumaa Kuu imekuwa nyepesi kwangu kuliko Jumapili. Ijumaa kulia kunaruhusiwa, na Njia ya Msalaba naijua kwa moyo. Jumapili ngoma zinapigwa, kina mama wenzangu wanapiga vigelegele, nami nimesimama kati yao sauti haitoki. Mchongaji yule hakumwonyesha Kristo akijiinua kwa nguvu. Amemwonyesha maiti, kimya, hana analoweza kufanya, na uhai unamjia kutoka kwa Mungu. Imani ya namna hiyo naiweza hata asubuhi ambayo sina furaha. Na baba yako naye, huko alikolala kilimani, hadaiwi kitu chochote zaidi ya kungoja.

Kwa hiyo kidani nunua, uvae, na mwenzako mweleze kwa upole. Hadithi hiyo hakuitunga yeye.

Chini ya msalaba huo kuna maandishi yaliyokwisha kulika, yanayoomba sala kwa ajili ya mfalme Flann, na kwa Colmán aliyeusimamisha. Wamekuwa wakiomba sala hiyo kwa zaidi ya miaka 1,000. Waombee, na jina la baba yako uliongeze hapohapo. Kisha uniandikie kama ndege bado anaonekana vizuri.

Mama yako