Kurudia upasuaji wa valvu ya moyo: mimi nilijiandaa hivi

Pole sana mdogo wangu. Umesema una miaka 31, valvu ya nyama (mlango wa moyo uliotengenezwa kwa nyama ya mnyama) uliyowekewa ukiwa chuo imeanza kuvuja, daktari kakwambia kifua kifunguliwe tena, na unauliza ujiandae vipi na kama huo uoga ni wa kawaida. Ni wa kawaida kabisa. Mimi ya kwanza nilifanyiwa India nikiwa binti mdogo, enzi hizo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilikuwa bado haijaanzishwa, ya pili nikafanyiwa hapohapo Muhimbili kwenye hiyo taasisi. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu kazi kubwa ya mara hii utaifanya wewe kabla hujalazwa.

Cha kwanza tafuta makaratasi ya zamani, yaani ripoti ya upasuaji na ile kadi ya valvu yenye aina na saizi yake. Daktari anataka kujua alichokiacha mwenzake mle ndani. Ukishafunguliwa kifua mara moja makovu yanaufanya moyo ushikane na mfupa wa mbele, kwa hiyo wakija kukata tena wanaweza kuugusa moyo wenyewe au mshipa mkubwa, ndo maana utapigwa CT skani waone umbali uliopo, na wengine wanaandaliwa mishipa ya paja mapema ili mashine ya moyo na mapafu iunganishwe haraka ikihitajika. Pia damu hutoka zaidi kuliko mara ya kwanza, so anza sasa hivi kuongea na ndugu na watu wa kanisani au msikitini waje kuchangia, usisubiri tarehe ndo uanze kupiga simu.

Halafu meno! Nenda kwa daktari wa meno hata kama hayaumi, jino bovu ni mlango wa bakteria kuingia kwenye damu wakakae kwenye valvu mpya, na hiyo infeksheni ya valvu ni hatari kuliko upasuaji wenyewe. Ya kung'oa yang'olewe kabla, na umwambie kuwa una valvu ili akupe antibayotiki kwanza. Kama uko kwenye wafarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, usiache mwenyewe, huwa inasimamishwa siku kama 5 kabla na wengine wanawekewa heparini, sindano ya kazi hiyohiyo, hapo katikati, ila hilo wapangie wao.

Swali la valvu mpya iwe ya chuma au ya nyama liongee mapema na daktari, na kama una mume nenda naye. Ya nyama, iwe ya ng'ombe au nguruwe, kwa vijana inachakaa mapema, kama ulivyoona. Ya chuma inadumu sana ila wafarini ni ya maisha, na wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni hasa miezi mitatu ya mwanzo, kwahiyo kama bado unataka kuzaa sema waziwazi, usione aibu. Mimi nilishapata watoto nikachagua chuma. Usiku nyumba ikitulia naisikia, tik tik tik, mwanangu akilala kifuani pangu anaihesabu mpaka usingizi unamchukua.

Ukizinduka ICU (chumba cha uangalizi maalum) utakuta mpira wa kupumulia mdomoni, huwezi kuongea, na mirija ya kutoa damu kifuani. Waambie nyumbani mapema wasishtuke wakikuona hivyo. Mto mdogo uwe nao, kila ukikohoa unaukumbatia kwa nguvu kifuani, na kukohoa ni lazima maana mapafu yasipofunguka unapata nimonia. Kuamka kitandani lala ubavu kwanza, shusha miguu ndo uinuke, usijivute kwa mikono. Nunua sidiria laini inayofungwa mbele, hili wengi hatuambiwi, matiti yakining'inia yanavuta kidonda na maumivu yake siyo mchezo.

Nyumbani jipe muda. Mfupa unachukua wiki 6 hadi 12 kuunga, ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20 hiyo, usiiguse, na mtoto umbebe ukiwa umekaa amewekwa na mtu mwingine. Bodaboda sahau kabisa. Mimi mara hii nilichelewa kupata nguvu na kuna kipindi nilikuwa nalia tu bila sababu, sili, silali, nikamwambia daktari akanisaidia, na wewe ukifika hapo sema. Pima uzito kila asubuhi, ukipanda ghafla na miguu ikavimba, au joto likafika 38, rudi hospitali siku hiyohiyo, usikimbilie dawa ya malaria.

Kuhusu INR, kile kipimo cha damu kinachoonyesha wafarini inafanya kazi kiasi gani, wenye valvu ya chuma ya mitrali (mlango wa upande wa kushoto wa moyo) wengi tunawekewa lengo la 2.5 hadi 3.5. Mchicha na matembele kula, ila kwa kiasi kilekile kila wiki, maana zinapunguza nguvu ya wafarini. Kuwa mwangalifu sana na maduka ya dawa, flajili na septrini zinapandisha INR, diklofenaki inaweza kukutoa damu tumboni. Na kama tatizo lako lilianza na rumatiki (homa ya baridi yabisi inayoharibu valvu), sindano za penisilini za kila wiki 3 au 4 usiache mpaka daktari aseme, maana milango mingine ya moyo bado ni yako.

Ukipata tarehe andika hapa na grupu lako la damu. Mimi kwa hizi dawa siwezi kutoa ila mume wangu na kaka zangu wako Dar na wamezoea, nitawatuma.